Sifuri niliyoipeleka kwa mkurugenzi: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya ushauri wa kisayansi wa bahari

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha kupitia mapendekezo, kijana mmoja hodari akasimama na ramani yake. Miamba inayovuliwa sana ameipaka nyekundu, inayovuliwa kidogo njano, na karibu na ufuo ameacha kipande cheupe. Akakigusa kwa kalamu: "Hapa hakuna shughuli za uvuvi, kwa hiyo tunapendekeza pafungwe." Wakubwa wakaitikia. Mimi moyo ulinipasuka, maana kipande hicho cheupe nakijua. Nilishawahi kukiacha mimi, miaka mingi nyuma, kwenye kijiji kingine, na wapo watu waliokilipia.

Basi nimekaa niwaandikie. Nawapenda, na mnajua mengi ambayo sisi kwa umri wenu hatukuyajua. R, ile programu ya takwimu, mnaiendesha kama baiskeli. Lakini kila anayeingia anajikwaa kwenye jiwe lilelile, na sitaki tena kunyamaza.

1. Jua uko chini ya sheria ipi kabla hujaandika pendekezo. Hapa Tanzania hifadhi za bahari zina Sheria Na. 29 ya mwaka 1994. Maeneo yanayosimamiwa na BMU, vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi wa ufuo wao, yanaegemea Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Ukiiandikia halmashauri ibadili kanda ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, umemwomba mtu kitu kisichokuwa mfukoni mwake. Mwaka huu nimeona dokezo zuri, lenye takwimu safi, likirudi na maneno matatu pembeni: "Si mamlaka yetu." Miezi sita ya kazi ya kijana ikaishia hapo.

2. Uliza namba imezaliwaje. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi na shahada ya pili, nikaajiriwa kuwa mshauri wa kisayansi wa mradi uliokuwa unasaidia vijiji vya pwani ya kusini kufunga miamba ya pweza kwa muda. Sayansi yake mnaijua: pweza hukua haraka mno, jike hutaga mara moja tu, hukaa juu ya mayai yake bila kula mpaka yaangue, kisha hufa. Mwamba ukipumzika miezi michache, pweza uliyemwacha mdogo unamkuta mzito. Kwa hiyo swali halikuwa tufunge au tusifunge. Swali lilikuwa tufunge upi.

Kijiji kilikuwa na miamba miwili. Wa nje unafikiwa kwa ngarawa. Wa ndani, maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu na mwezi mchanga yanayojaa na kutoka kupita kawaida, yakikupwa, unaufikia kwa miguu. Mkononi nilikuwa na takwimu za diko, pale vyombo vinapoteremsha mavuno, za miezi kumi na minne. Mwamba wa nje umejaa namba. Mwamba wa ndani sifuri. Mwezi wa kwanza sifuri, wa pili sifuri, mpaka wa kumi na nne. Nilifurahi kweli, nikaona hapo ndipo pa kufunga bila kumuumiza mtu. Nikamwandikia mkurugenzi dokezo la ukurasa mmoja, na sentensi moja naikumbuka neno kwa neno: "Gharama kwa jamii inatarajiwa kuwa ndogo sana."

Mkutano wa kijiji ukaitishwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Wanaume walijaa chini ya mkungu. Wanawake walikuja wawili, mmoja mjamzito wa miezi ya mwisho, mwingine ana kidonda mguuni. Uchache wao niliuona, tena nikauandika kwenye ripoti: mwitikio wa wanawake ni hafifu, wahamasishwe. Kalenda ya maji sikuitazama. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua limeshika, na pwani yetu hii maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano. Wanawake wote wenye miguu mizima walikuwa mwambani. Niliitisha mkutano wa kuufunga mwamba wao saa ileile waliyokuwa wamesimama juu yake.

Muhtasari ukaandikwa "wananchi wameridhia", mtendaji akagonga muhuri, mwamba ukafungwa miezi mitatu.

Bamvua la pili nilikwenda kutazama zoezi linavyokwenda. Nilikuwa nimekaa na walinzi wa BMU kivulini. Akatokea bibi mmoja, umri wa mama yangu, kanga imefungwa kiunoni, imelowa mpaka magotini, mkononi fimbo ya chuma na ndoo ya kijani iliyopasuka mdomo na kushonwa kwa uzi wa nyavu. Mlinzi mmoja, ambaye baadaye niliambiwa ni mtoto wa dada yake, akamwamkia, "Shikamoo mama," akaichukua ile ndoo kwa heshima kabisa, akaimwaga mchangani. Pweza wawili na kombe za kujaza viganja viwili. Pweza mmoja akaanza kutambaa kurudi majini, na hakuna aliyemzuia.

Bibi hakupiga kelele. Aliiokota ndoo yake, akaikung'uta mchanga, akanitazama mimi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesema kule hakuna mtu?"

Sikuwa na jibu. Nilisema "Shikamoo," akaitikia "Marahaba," akaondoka zake.

Jioni nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alinisikiliza, akasema kama nataka kujua, nirudi mwamba utakapofunguliwa, nije alfajiri. Nikarudi. Tulitembea naye zaidi ya saa nzima juu ya majani ya bahari kabla ya kuufikia mwamba, na kila sehemu aliyokanyaga ilikuwa na jina. Matundu ya pweza aliyajua kama mtu anavyojua milango ya mtaani kwake. Pweza mdogo aliyemkuta alimgusa kwa ncha ya fimbo, akasema "Huyu bado," akampita. Nilihesabu wanawake wengine wapatao sitini, na watoto. Sitini, kwenye mwamba wa sifuri.

Wakati wa kurudi ndipo nilipoielewa sifuri yangu. Karani wa takwimu alikaa diko, upande wa bahari, akisubiri vyombo. Wanawake hawapiti diko. Wanakata kupitia mikokoni, wanatokea nyuma ya nyumba, na pale mwisho wa njia wanangojwa na wachuuzi wa baiskeli wenye mizani ya kuning'iniza. Pweza anapimwa, analipwa, anaondoka, na karani bado anatazama upeo wa bahari akisubiri tanga.

Lakini sitamtupia lawama karani. Nilifungua fomu. Safu ya tatu: aina ya chombo. Machaguo yalikuwa ngarawa, mtumbwi, dau, boti. Bila kuchagua chombo, programu haikukubali kuhifadhi rekodi. Anayevua kwa miguu hakuwa na mahali pa kuandikwa hata kama karani angemfuata mpaka mlangoni. Na fomu ile niliibuni mimi. Niliibuni mjini, mezani, kwa kunakili fomu ya mradi wa samaki wa nyavu, na hakuna aliyenituma niharakishe.

Nilimwandikia mkurugenzi dokezo la pili. Ni ukurasa mgumu kuliko tasnifu yangu. Alilisoma mbele yangu akauliza swali moja tu: "Mangapi mengine uliyonipa yamezaliwa hivi?" Ilinichukua wiki tatu kupekua kila jedwali ili niweze kumjibu.

Kule kijijini, familia zilikula kwa mkopo wa unga dukani miezi ile mitatu, na wengine walilipa deni hilo mpaka mwaka uliofuata. Tuliporudi na pendekezo la kufunga mwamba wa nje, ambalo lilikuwa sahihi, lina takwimu, na wavuvi wenyewe walikuwa wakilalamika kuwa pweza wamekuwa wadogo, kijiji kizima kilikataa. Tulikaa miaka miwili na nusu tukijenga upya imani iliyomwagwa mchangani asubuhi moja. Walipokubali, walikubali kwa sababu yule bibi alisimama mkutanoni akasema safari hii wameuliza. Mkutano huo uliitishwa siku ya maji mafu, yasiyokupwa sana, baada ya alasiri.

Ndiyo maana kijana wa ramani aliponiambia "takwimu zinaonyesha", nilimuuliza swali ambalo nalirudia kwenu: nani alihesabu, alikaa wapi, saa ngapi, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, na fomu yake ilimruhusu kuandika nini? Sifuri ina maana mbili, hakipo au hakikuhesabiwa, na ramani inazipaka zote rangi moja.

3. Mkubwa wako haombi wastani na kosa sanifu, mwambie "nina uhakika wa kutosha kufunga kwa msimu mmoja, sina uhakika wa kutosha kufunga daima." Sentensi kama hiyo anaweza kuingia nayo kwenye kikao.

4. Tenganisha sayansi na uamuzi. Sayansi inaweza kusema pweza wataongezeka uzito ukifunga. Haiwezi kusema ni haki nani alale njaa wakati unangoja. Hilo ni la watu waliochaguliwa na la wenye mwamba, na ukilificha ndani ya grafu unawanyang'anya kazi yao. Weka machaguo mawili au matatu mezani, kila moja na anayelibeba: wavuvi wa ngarawa, wanawake wa miguu, wachuuzi, halmashauri yenye ushuru wake. Kisha sema wewe ungechagua lipi na kwa nini, wazi.

5. Fika mapema. Ushauri uliochelewa unageuka kuwa uuguzi. Someni habari ya chura wa Kihansi mpaka muielewe, ijapokuwa si ya bahari. Chura mdogo wa dhahabu, anayeenea juu ya sarafu, asiyetaga mayai bali huzaa vichura kamili, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi na si kwingine kokote duniani. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Ikabidi kutandaza mabomba ya kunyunyizia maji bondeni, na vyura wapatao 500 wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2003 waliobaki bondeni wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu ukakutwa kwao. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa, wazao wa wale waliosafirishwa. Nawaheshimu sana waliofanya kazi hiyo, Watanzania wengi miongoni mwao, na nikiisoma kila mara najiuliza: mtu angetembea bondeni lile na tochi na daftari miaka michache kabla ya mchoro wa kwanza wa bwawa, je? Taifa linahitaji umeme, sibishani na hilo. Lakini mgao wa maji ungejadiliwa kwenye karatasi, kabla ya zege. Kwa hiyo mkisikia bandari, bomba la gesi au hoteli inaanza kupimwa viwanja, msisubiri kualikwa. Ombeni nafasi hadidu za rejea zikiwa bado rasimu.

6. Tunzeni fomu za karatasi. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopausha matumbawe ukanda wote huu, walioweza kusema kimepotea nini ni wale waliokuwa na daftari za kabla ya hapo. Mzee mmoja aliyenifundisha alikuwa na zake ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na mkewe alikuwa na amri: nyumba ikishika moto, watoto kwanza, sanduku la pili.

7. Rudisheni matokeo kijijini kabla hayajafika kwenye jarida. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kinakupa ruhusa ya kuingia, hakikupi heshima. Na msirudi na slaidi arobaini. Mara ya mwisho nilipeleka mizani, picha mbili zilizochapishwa kubwa, na kamba yenye mafundo kuonyesha urefu wa mkono wa pweza kabla na baada ya kufunga. Kina mama waliishika ile kamba wakabishana wao kwa wao nusu saa nzima, mimi nikiandika. Nilipata humo maswali ya utafiti ya miaka miwili.

Yule kijana wa ramani hakununa. Aliniuliza afanye nini, nikampenda zaidi. Tumekubaliana kwamba pendekezo linarudi rasimu, na kwenye fomu yake ameshaongeza chaguo la tano, "kwa miguu". Bamvua lijalo tunakwenda wote wawili. Nimemwambia avae viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino, si ndala, maana mwamba unakata. Daftari alitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Na siku ya kwanza asiandike kitu. Abebe ndoo ya mtu, awafuate kina mama mpaka mwisho wa ile njia ya mikokoni, asimame pale kwenye mizani ya mchuuzi.