Waya umepita, puto limegoma: bado kuna njia

Mkuu, pole na kaka yako. Umesema waya ulipita kwenye mrija wa kongosho, puto la kupanulia likagoma, daktari akasitisha, na sasa nyumbani wanasema matibabu yameshindikana. Hayajashindikana. Yalinikuta hayo hayo.

Karibu miaka miwili nilitibiwa vidonda vya tumbo. CT skani ndiyo iliyoonyesha kongosho lina chokaa, mrija umebana upande wa kichwani, na nyuma ya hapo umetanuka kwa sababu maji yake hayana pa kutokea. Nikila tu najikunja kama jongoo, maumivu yanapiga hadi mgongoni.

ERCP (tiba ya kamera inayopitishwa mdomoni hadi utumbo mdogo kufikia mrija wa kongosho) ya kwanza iliishia pale ilipoishia ya kaka yako. Ya pili nilifanyiwa Hyderabad, India. Juu ya waya walipitisha kifaa chenye ncha ya skrubu, ambacho kazi yake hasa ni kuvutia stenti za zamani (vijibomba vya kuacha njia wazi), wakakizungusha taratibu kama keekee mpaka njia ikapatikana. Ndipo puto likaingia, kisha stenti ya plastiki yenye unene wa milimita 3.3. Mimi nilikuwa usingizini, picha nilionyeshwa baadaye. Akiwekewa dawa ya diklofenaki njia ya haja kubwa asishangae: inapunguza hatari ya kongosho kuvimba baada ya ERCP, na hilo ndilo balaa linaloogopwa zaidi.

Ulizeni pia kama mrijani kuna jiwe. Likizidi milimita 5, mara nyingi huvunjwa kwanza kwa mawimbi ya mshtuko kutokea nje ya mwili. Na wahakikishe kinachobana si saratani. Hilo msilione aibu kuliuliza.

Sasa kosa langu. Stenti si ya kuweka ukasahau. Matibabu huchukua kama mwaka mzima, na mimi nilitakiwa kubadilishiwa kila miezi 3. Nikaona nimenenepa, nauli nayo inauma, nikavuta hadi miezi 6. Ikaziba! Homa, kutetemeka, maumivu kuliko ya mwanzo. Kwa hiyo kabla hamjauza kiwanja, pigeni hesabu ya safari zote, si ya kwanza tu.

Msiogope kuulizia upasuaji mapema. Watu wanauchukulia kisu kama cha mwisho kabisa, mimi sikubaliani. Uholanzi waliwalinganisha wagonjwa 39 wenye tatizo hili, matokeo yakatoka 2007: baada ya miaka miwili, waliopata nafuu ya maumivu walikuwa asilimia 75 kwa upasuaji na 32 kwa endoskopi (tiba ya kamera kama ERCP). Ni wachache, sawa, lakini ningeyajua hayo mapema ningeuliza maswali mengine.

Sigara na pombe aache leo, asisubiri tarehe ya hospitali. Vimeng'enya (dawa za kusaidia kusaga chakula) akiandikiwa, avimeze pamoja na chakula. Mimi nilikuwa navimeza saa mbili baada ya kula nikashangaa kinyesi bado kina mafuta.

Ripoti ya CT inasema mrija umetanuka milimita ngapi nyuma ya palipobana? Iweke hapa, ficha jina lake.