Jibu: Museumkaart imekataliwa jumba la sita

Salaam ndugu. Umesema Museumkaart, ile kadi ya kuingilia majumba ya makumbusho, uliyoinunua kaunta huko Uholanzi wiki tatu zilizopita imekataliwa mlangoni, jumba la sita. Kadi haijaharibika. Ile ya kaunta ni ya muda tu: siku 31, majumba matano, basi. Isajili mtandaoni kabla siku hazijaisha, uweke na picha yako. Ya kudumu utaletewa kwa posta.

Ukishaipata, Van Gogh Museum, jumba la michoro ya Van Gogh, usiende hivi hivi. Kadi inalipia kiingilio, lakini saa ya kuingia lazima uiwekee nafasi mtandaoni. Nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyejificha humo enzi za Wanazi, ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo nisingependa uikose: tiketi hufunguliwa Jumanne saa 4 asubuhi, za wiki sita mbele, na huisha upesi mno.