Wasomaji Wanauliza: Simu za zamani zilizobaki ndani ya magari

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Land Rover Discovery ya 1996 iliyotoka Uingereza. Kando ya gia kuna mkono wa simu wenye waya uliojisokota, na chini ya kiti cha abiria kuna kiboksi cha chuma. Gari likikaa siku tano bila kuwashwa, betri haisukumi stata. Fundi anataka akate waya zote pale kwenye mkono wa simu. Nimruhusu? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Usimruhusu, kaka. Simu yenyewe ni kile kiboksi cha chini ya kiti. Mkono ni wa kupigia na kusikilizia tu. Akikata hapo juu, kiboksi kitaendelea kunyonya betri, na utakuwa umeongeza ncha za waya zinazoning'inia karibu na bodi. Angalia kama kuna sehemu ya kuweka laini. Kama haipo, hiyo ni simu ya analojia ya mfumo wa TACS, ulioanza Uingereza mwaka 1985 na kuzimwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna mnara utakaoiitikia tena.

Pima kabla ya kung'oa. Toa terminali ya negativu, kisha unganisha multimita, ikiwa kwenye ampea 10, kati ya nguzo ya betri na waya uliotoa. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa. Gari la umri huo likiwa limelala linatakiwa kula chini ya miliampea 50. Ukikuta 250, hesabu yake ni hii: kwa saa 24 zinaondoka ampea-saa 6, na kwa siku sita betri ya ukubwa wa N70, hata iwe mpya kabisa, imeshapoteza nusu ya nguvu zake. Betri iliyochoka haifiki huko. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa imeunganishwa, kwa sababu stata inavuta mamia ya ampea na itaiunguza.

Sasa tafuta fyuzi ya simu. Mara nyingi iko kwenye kikopo kidogo cha plastiki kwenye waya mwekundu, karibu na betri au nyuma ya boksi la fyuzi. Ichomoe ukiwa unaangalia mita. Namba ikishuka, mwizi umempata.

Simu hizi zina waya tatu za umeme: moto wa moja kwa moja (umeme wa betri usiokatika), ethi, na wa tatu unaoiambia simu kwamba swichi imefunguliwa. Kwenye vifaa vingi vya Nokia rangi zake ni nyekundu, nyeusi na bluu. Waliofunga zamani wengi waliunganisha huo wa tatu na moto wa moja kwa moja ili simu ipokee hata ufunguo ukiwa umetolewa. Ndiyo maana kiboksi hakilali.

Kuitoa ni kazi ya subira. Kwanza hakikisha una namba ya siri ya kufungulia redio, maana redio nyingi za Ulaya hujifunga umeme ukikatika. Toa negativu, subiri dakika kumi, na usiguse wala kupima waya wenye ganda la njano. Huo ni wa eabegi. Kisha fuata kila waya kutoka kwenye kiboksi mpaka ulikoanzia, na uutoe hapo. Utakuta vibano vya plastiki vilivyong'ata waya asilia wa gari. Vifungue kwa plaizi, ukague shaba. Kama nyuzi zimekatika, kata kipande hicho, unga kwa solda na uvishe mpira unaosinyaa kwa moto. Selotepu peke yake haitoshi: joto la ndani ya dashibodi huyeyusha gundi, na baada ya miezi michache kiungo kinabaki uchi. Ukimaliza, pima tena.

SWALI: Nilitoa hands-free ya Nokia, kifaa cha kuongelea simu bila kuishika, kwenye Volkswagen Golf. Sasa redio inaandika PHONE na kunyamaza yenyewe, na spika ya upande wa dereva imekufa kabisa. Redio imeungua? (Msomaji, Pasua, Moshi)

JIBU: Haijaungua, dada. Una matatizo mawili yaliyotoka kwenye kazi moja. Hands-free ilikuwa na waya, wa njano kwa Nokia, unaokwenda kwenye tundu la redio la kunyamazisha muziki simu ikiita. Ukigusa bodi, redio inadhani simu imeita. Uliachwa unaning'inia, na kila gari likiruka shimo unagusa chuma. Vuta redio, chomoa waya huo kwenye soketi yake. Usiufunge tepu tu.

Spika nayo ilipitishwa kwenye kiboksi ili sauti ya mpigaji itoke hapo. Kiboksi kilipoondoka, njia ilikatika. Kama kuna soketi ya kati, yaani ya kike na ya kiume kati ya redio na waya za gari, itoe yote na uchomeke soketi ya gari moja kwa moja kwenye redio. Kama walikata, unga waya mbili za spika hiyo kwa kufuata rangi, jumlisha kwa jumlisha. Ukizigeuza spika italia, ila besi itapungua.

SWALI: Naendesha watalii kwa Land Cruiser. Juu kuna antena tatu. Nitajuaje ipi ni ya simu iliyokufa? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Tahadhari hapa, maana tumeona redio kolu nzima iking'olewa kwa kudhaniwa ni simu, na huko porini ndiyo mawasiliano yako. Tazama urefu. Antena ya redio kolu ya VHF huwa karibu sentimita 48. Ya HF, ile redio kolu ya kuongea mbali zaidi, ni ndefu na nene zaidi. Ya simu ni fupi: kama sentimita 8 kwa mfumo wa megahezi 900, 16 kwa ule wa 450, au ina kisokoto katikati ya fimbo. Hata hivyo urefu ni dalili tu. Fuata kebo mpaka uone imeishia kwenye kifaa gani.

Tundu linalobaki kwenye paa likwanguliwe kutu, lipigwe praima, liwekwe kizibo cha mpira chenye gundi ya poliuritheni. Silikoni inayonuka siki usiiweke kabisa; asidi yake inakula bati, na masika ya Machi hadi Mei yatakuonyesha. Antena iliyogandishwa kwenye kioo ipashe joto kwa draya, kisha ikate gundi kwa mshipi wa kuvulia. Wembe utakata nyaya za kuondoa ukungu.

SWALI: Fundi alitoa boksi la simu kwenye buti la Mercedes yangu, redio na CD zote zikazima. (Msomaji, Moshi mjini)

JIBU: Vifaa vyako vimeunganishwa kwa kebo ya mwanga inayopita kila kifaa kama duara. Kimoja kikitoka, duara limekatika na vyote vinanyamaza. Kuna kiunganishi kidogo cha kuirudisha njia. Chomeka humo ncha ya kebo iliyokuwa kwenye boksi. Usiikunje kebo hiyo kwa mkunjo wenye nusu kipenyo chini ya milimita 25, itapasuka ndani. Baada ya hapo fundi mwenye mashine ya kupima aifute simu kwenye orodha ya vifaa vya gari.

SWALI: Simu ya gari yenye sehemu ya laini bado inafaa? (Msomaji, Ngaramtoni)

JIBU: Inaweza, kwa sababu 2G bado ipo nchini. Nokia 6090 hutoa wati 8, wakati simu ya mkononi ya 900 hutoa 2, kwa hiyo mahali penye mtandao hafifu ina faida. Ijaribu kwa laini yako kabla ya kuitoa. Simu za analojia za kubeba kwenye begi huweza kuwa na betri za risasi au za nikeli na kadimiamu, na zote zina sumu. Usizichome wala kuzitupa dampo. Mpelekee mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali.