Nikiweka DNA ya bakteria GenBank, nani anamlipa nani?

Swali: Nasomea uzamili wa mikrobiolojia. Nimepata bakteria kwenye chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, na msimamizi wangu mwenza, aliyeko Ulaya, anataka tupandishe mifuatano yao ya DNA GenBank, hifadhidata ya wazi ya mifuatano ya jeni. Nasikia kuna Mfuko wa Cali, unaochangiwa na wanaonufaika na data ya DNA ya viumbe. Nitatakiwa kulipa? Na Bogoria itapata nini?

Jibu: Hulipi. Uamuzi kuhusu mfuko huo, uliopitishwa na nchi za Mkataba wa Bioanuwai huko Cali, Kolombia, mwaka 2024, haudai mchango kwa vyuo, taasisi za umma za utafiti wala hifadhidata za wazi. Unalenga kampuni za dawa, vipodozi, mbegu, bayoteknolojia na kadhalika, tena zile zinazovuka viwango viwili kati ya vitatu kwa wastani wa miaka mitatu: mali ya dola milioni 20, mauzo ya milioni 50, faida ya milioni 5. Kiwango elekezi ni asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Kampuni yenye mapato ya milioni 60 ingetoa dola 60,000. Nasema "ingetoa" kwa kuwa uamuzi wenyewe haumlazimishi mtu.

Angalau nusu ya fedha inakusudiwa watu wa asili na jamii za wenyeji, ila usingoje hundi ya Bogoria: mfuko haufuatilii mfuatano mmoja mmoja. Fungu la Bogoria utalilinda kwenye mkataba wa sampuli, basi. Baada ya leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), pata idhini ya wasimamizi wa hifadhi na ya Waendorois, jamii ya wenyeji wa hapo, mkubaliane masharti, ndipo uombe kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira.

Wengi huharibikiwa kwenye masharti hayo. Mkataba hutaja "sampuli" tu. DNA ikishasomwa, chupa inabaki kwenye friza na mfuatano unapakuliwa na yeyote bila hata kujisajili. Jeni la kimeng'enya kinachostahimili moto na magadi, kitu cha thamani kwa watengeneza sabuni, linaweza kuundwa upya maabara bila mtu kufika Baringo. Ongeza sentensi hii: "Masharti haya yanahusu pia data ya mfuatano itokanayo na sampuli, na matumizi yake ya kibiashara."

Unapopandisha, kwenye geo_loc_name (sehemu ya mahali) andika "Kenya: Lake Bogoria", si "Kenya" tupu, kisha tarehe ya kukusanya na lat_lon (latitudo na longitudo). Nambari ya kibali itaje pia kwenye makala. GenBank watakubali kuzuia data hadi tarehe utakayotaja, lakini nambari ya usajili ya mfuatano ikionekana popote mtandaoni kabla ya hapo, hata kwenye rasimu ya makala, wanaifungua.