Fundi Anajibu: Gobore la Gumegume

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa wasomaji walio ng'ambo, ambako kulenga shabaha kwa magobore ya kushindilia ni mchezo wenye vilabu na mashindano yake. Vipimo vya baruti ni vya greni (greni 50 ni gramu 3.2 hivi). F nyingi zaidi kwenye kopo maana yake ni punje ndogo zaidi.

SWALI: Nimejipatia bunduki ndefu ya gumegume (jiwe la kutoa cheche), kipenyo .50 (nusu inchi), kwa ajili ya msimu wa kulungu unaofuata Krismasi hapa Pennsylvania. Cheche zinaruka vizuri, baruti ya kwenye kifa (kibakuli kilicho kando ya mtutu) inawaka, lakini mara nyingi ndani hakulipuki. Mara nyingine inachelewa hadi mkono unatikisika. Nimebadilisha magumegume, hakuna nafuu. – Msomaji, Lancaster

JIBU: Baruti ya kifa ikishawaka, gumegume limemaliza kazi yake. Usililaumu, na usipoteze pesa kununua jingine. Hitilafu iko kwenye tundu la moto, lile linalopitisha moto kutoka kwenye kifa hadi ndani ya mtutu, au nyuma yake.

Anza na mafuta. Bunduki iliyohifadhiwa ikiwa imepakwa mafuta huyashusha hadi mwisho wa mtutu, na baruti ya kwanza huangukia humo ikalowa. Siku ya kutumia, pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke safi. Kisha elekeza mtutu pahali salama uwashe kifa mara moja au mbili bila kushindilia chochote, moto ukaushe njia. Mitutu mingine ina chemba nyembamba kuliko mtutu wenyewe, na kitambaa cha kawaida hakifiki mle. Humo masizi hujificha, nawe unadhani umesafisha. Tumia brashi ndogo.

Pili, tundu. Lichokonoe kwa sindano ya kuzibulia baada ya kila mlipuko. Upana wake uwe kama milimita 1.6, na likae usawa wa ukingo wa juu wa kifa. Likiwa chini zaidi, baruti hulifunika. Na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanajaza kifa pomoni wakidhani moto utakuwa mkubwa. Baruti iliyoingia ndani ya tundu inageuka utambi, punje inawasha punje, na huko ndiko kuchelewa unakokuona. Greni 3 za 4F zinatosha. Kinachowasha ndani ni mwako wa ghafla unaopenya tundu lililo wazi.

Isipolipuka, usishushe bunduki. Iache imeelekea shabaha kwa dakika nzima au zaidi, ndipo uchokonoe tundu na kutia baruti upya.

SWALI: Nina bomba la maji la inchi moja la chuma kizito. Naweza kulitumia kama mtutu? – Msomaji, Tabora

JIBU: Hapana. Bomba la maji lina mshono, na mshono huo haukutengenezwa kubeba mgandamizo wa baruti. Unapasuka karibu na uso na mkono wa kushoto. Zaidi ya hapo, gobore ni silaha kama silaha nyingine chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kulitengeneza au kulimiliki bila kibali ni kosa. Kama unalo la urithi, nenda polisi ukaulize utaratibu.

SWALI: Kipenyo .50, goroli ya .490, baruti greni 70 za 3F. Kwa yadi 50 goroli zangu zinatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Jirani aliyenifundisha anasema niongeze baruti. – Msomaji, Ohio

JIBU: Kabla hujaongeza chochote, tembea hatua chache mbele ya mtutu uokote vile vitambaa vinavyofunga goroli. Vyenyewe vitakwambia kilichotokea ndani.

Kitambaa kizuri kina duara jeusi katikati, kingo zake zimechakaa kidogo, lakini ni kizima. Ungeweza karibu kukitumia tena.

Kikiwa na mashimo yaliyoungua, moto umepita pembeni ya goroli. Ama ni chembamba, ama mafuta yake hayatoshi, ama baruti ni nyingi mno kwa unene huo. Kwa .490 ndani ya .50 tafuta kitambaa cha inchi .015 hadi .018, ukipime kwa kaliipa (kifaa cha kupimia unene) huku umekibana. Kiwe cha pamba tupu iliyosokotwa kwa kubana, kama kile cha foronya za magodoro. Kanga kuukuu ni nyembamba mno. Poliesta huyeyuka na kugandia kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, usiiguse kabisa.

Kikiwa na mikato iliyonyooka, iliyojipanga kwa duara, hakikuungua: kimekatwa wakati wa kushindilia. Jaribu hivi, bunduki ikiwa tupu: sukuma goroli na kitambaa kipana kidogo tu ndani ya mdomo wa mtutu, halafu vuta ncha za kitambaa goroli itoke. Ukiona mikato tayari, mdomo una kingo kali, jambo la kawaida kwa mitutu mipya. Chukua msasa laini wa namba 320, uweke juu ya mdomo, usukume kwa kidole gumba huku ukiuzungusha taratibu na kugeuza bunduki mara kwa mara. Unataka kulainisha ukingo wa mifereji, si kupanua mdomo. Halafu safisha unga wote wa chuma.

Kitambaa kikirekebishika, ndipo uje kwenye baruti. Anza na greni 50, piga tano, ongeza greni 5, piga tano tena, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Mitutu mingi hutulia mahali fulani kabla ya kufika juu, na baada ya hapo kuongeza ni kelele na moshi tu. Kati ya mlipuko na mlipuko pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Bila hivyo goroli ya tano hupita kwenye mtutu tofauti kabisa na ule wa kwanza.

Mambo mawili ya usalama ambayo jirani huenda hakuyataja. Mimina baruti kwenye kipimo kwanza, kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti, maana cheche iliyobaki ndani itapanda hadi mkononi. Na weka alama kwenye mdeki (fimbo ya kushindilia) mahali unapofika bunduki ikiwa imeshindiliwa sawasawa. Goroli isiyokaa juu ya baruti, ikabakiza pengo, inaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Baruti isiyo na moshi ya bunduki za kisasa haitumiki humu hata kidogo.

SWALI: Babu alituachia gobore lililotoka Unguja, lina neno TOWER na taji. Tunaweza kulipiga kwenye harusi? – Msomaji, Maskati

JIBU: Msilipige. Kwanza hakikisheni halina kitu ndani. Ingizeni mdeki mpaka ukome, wekeni alama mdomoni, kisha uwekeni nje sambamba na mtutu. Ncha ikikomea mbele ya tundu la moto kwa vidole viwili vitatu, kuna mzigo. Baruti nyeusi iliyobaki kavu haichachi hata ikikaa miaka mingi, kwa hiyo fundi wa silaha ndiye aiondoe.

Alama ya TOWER haithibitishi kuwa ilikuwa ya jeshi la Uingereza, maana iligongwa pia kwenye bunduki za biashara, na Wabelgiji waliiga. Bunduki na baruti zilikuwa bidhaa nyeti kiasi kwamba mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliwaruhusu wafanyabiashara wa Kimarekani kuziuza Unguja kwa serikali peke yake. Kutu ifuteni kwa mafuta mepesi na kitambaa. Msasa utafuta historia pamoja na thamani.

SWALI: Nimeunganisha vifaa vya bunduki ndefu, mtutu inchi 42. Baada ya majira ya baridi mbao zimepasuka penye pini. – Msomaji, Edmonton

JIBU: Mbao hutanuka na kusinyaa, chuma hakiendi nazo. Chomoa pini, kisha kwa kitupa chembamba refusha tundu la kijicho kilicho chini ya mtutu, mbele na nyuma, lifike kama milimita 3. Tundu la kwenye mbao libaki la kubana. Ufa uingizie gundi nyembamba na uufunge siku nzima. Ukirudisha, kaza skrubu za mtambo kwa kiasi, kwani zikizidi mbao hukaba kikamatio cha nyundo, na bunduki inaweza kukataa kufyatuka au, vibaya zaidi, nyundo kutoshika ikiwa imevutwa nusu.