Mgeni wangu nitampitisha kichakani Hombolo

Mhariri, mmetuuliza mgeni mwenye siku moja tu apelekwe wapi "katika mji wetu huu mkavu". Hilo neno mkavu ndilo lililonikalisha niandike. Mvua zetu za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, sibishi. Lakini aliyefika Hombolo mwezi wa tatu hawezi kulitamka kirahisi hivyo.

Bwawa la Hombolo lipo tangu 1957. Wengi wanalijua kwa perege, na Hombolo yenyewe kwa zabibu. Mimi nalijua kwa kichaka.

Nilikuwa na miaka 11 mjomba aliposema leo tusifuate barabara. Tukashika njia ya ng'ombe katikati ya migunga. Kwa mtu mzima haifiki hata saa moja, ila sisi ilitumalizia asubuhi, maana mjomba alikuwa hapiti mti bila kusimama. Hapa mzinga wa nyuki, usipige kelele. Pale kina mama wanachuma mlenda, akawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" na mazungumzo yakaanza, mimi nimesimama juani nangoja. Penye mbuyu mmoja aliuchukua mkono wangu akaubandika kwenye gome. Akaniuliza, "Unasikiaje?" Nikamwambia ni baridi. Akasema, "Umeweka maji yake humo. Ndiyo maana kiangazi hakiuangushi." Mkono aliuachia baada ya muda mrefu sana. Hatua chache mbele kichaka kikakatika, na maji hayo, yamejaa jua, mpaka nikafumba macho.

Nilidhani atafurahi. Akanionyesha tope lililokauka chini ya miguu yetu, akasema ujanani mwake alikuwa akiogelea papo hapo. Miti ya huko juu, maji yanakotokea, ikikatwa, mvua inabeba udongo, na udongo hauna pa kwenda ila bwawani.

Mwaka jana nimerudi na mwanangu. Mbuyu upo. Upande wa kushoto migunga imepungua, na tumekuta majivu ya tanuri la mkaa. Mkaa huo tunaupikia sisi wa mjini. Hata nyumbani kwangu umo.

Nilipoanza barua hii nilitaka kusema mpelekeni kila mgeni. Sasa nasita. Basi la watu 50 na spika zao, hapana, njia ile haitawabeba. Mgeni mmoja au wawili, wakiongozwa na kijana wa pale anayelipwa ujira wake, hapo sawa, tena huenda kijana huyo akaona mti uliosimama una faida kuliko gunia la mkaa. Na iwe baada ya mvua. Oktoba ataona tope, kisha atarudi kwao na neno lenu lile lile.

Shemeji yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa nne. Tutatoka alfajiri, na chupa mbili za maji, kwa ile njia ya ng'ombe.