Kaanguka na pikipiki, anasema "niko muzima": mpelekeni hospitali hata hivyo

Wiki hii msomaji mmoja wa Ndosho, hapa Goma, ameniandikia: "Yaya, mdogo wangu ameanguka na pikipiki, kichwa kimegonga makoro, yale mawe ya volkano. Alizimia kidogo tu, sasa anakula, anaongea. Baba anasema tusipoteze feza. Tufanye nini?" Nilimjibu hapohapo: mpelekeni hospitali sasa hivi. Nalijibu tena hapa kwa urefu kwa sababu najua wengi wenu mnasomea uuguzi kama nilivyosomea mimi, na mnataka kuwa yule mtu ambaye familia inamwita kwanza mambo yakiharibika.

Swali hili lilishaingia nyumbani kwetu. Kaka yangu mdogo ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki. Jioni moja ya mvua, pale Majengo, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, iliyobeba magunia ya makaa ilimkatia njia. Aliruka, akatua kwa upande wa kulia wa kichwa. Kasike, yaani kofia ngumu ya pikipiki, alikuwa nayo, lakini ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Akazimia, akaamka, akajipangusa, akafika nyumbani akidai ugali. Kituo cha afya cha jirani walimpa dawa ya maumivu wakamwambia akalale, na nyumba nzima ikashukuru Mungu. Mimi nilimkalisha chini ya taa nikapitisha kidole kichwani polepole. Juu kidogo ya sikio, panjani penyewe, palikuwa na uvimbe laini, na nilipougusa alishtuka. Nikasema: huyu halali hapa.

Kwa nini panja? Fuvu lina mifupa 22: 8 inafunika ubongo, 14 ni ya uso. Kwa mtu mzima ile 8 imeshikana kwa mistari iliyopindapinda kama meno ya zipu. Mfupa wa paji ni mnene, wa kisogo pia. Lakini panjani inakutana mifupa minne, wa paji, wa utosini, wa upande wa sikio na ule wa ndani uitwao sfenoidi, na hapo ni pembamba sana. Upande wa ndani, kwenye mfereji mdogo uliochimbika mfupani, inapita ateri inayolisha utando wa nje wa ubongo. Mfupa ukipasuka, ateri inaweza kukatika, na damu inajikusanya kati ya mfupa na utando. Fuvu halitanuki, kwa hiyo kinachosukumwa ni ubongo. Mwanzoni mtu anaongea, anacheka, anaomba chakula. Saa kadhaa baadaye anasinzia, na watu wanasema amechoka, mwacheni apumzike. Wengi wanapotelea hapo.

Baba mdogo alinipigia kelele mbele ya majirani: eti nimesoma kidogo nataka kuwa daktari, eti nakula feza ya familia. Maneno hayo yananiuma hadi leo. Nilikodi teksi kwa feza ya kodi ya nyumba. Njiani kaka akatapika, akaanza kuniita kwa jina la mama. Tulipofika, mboni ya jicho lake la kulia ilikuwa imepanuka kuliko ya kushoto. Wakampiga skana, wakamfungua fuvu usiku uleule, wakatoa damu iliyoganda. Ya wodini nayaruka. Leo yuko barabarani, na kasike kaivaa kichwani. Baba mdogo hajawahi kuniambia asante. Mimi nasema waziwazi: nilikuwa na haki, na ningefanya vilevile kesho.

Basi nanyi msiogope kelele za wakubwa. Mtu akizimia hata kidogo, akitapika, akirudiarudia swali moja, mkono au mguu ukilegea, akipata degedege, mboni zikitofautiana, ni hospitali, si kitandani. Maji meupe yakitoka puani au sikioni, au weusi ukitokea nyuma ya sikio, huenda sakafu ya fuvu imepasuka: msizibe sikio kwa pamba, acheni yatoke. Ngozi ya kichwa huvuja damu nyingi hata kwa jeraha dogo. Kandamizeni kwa kitambaa safi, ila si pale mfupa umebonyea. Msimpe aspirini. Na jamani, acheni kumpakia majeruhi kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, kichwa kikiyumba! Shingo nayo inaweza kuwa imeumia. Mlazeni, shikeni kichwa na shingo vinyooke, tafuteni gari.

Wazee wachungeni zaidi. Mzee akigonga kichwa mlangoni, damu inaweza kuvuja taratibu, na kuchanganyikiwa kukaja wiki kadhaa baadaye, watu wakidhani ni uzee au wamemroga.

Mkifika, semeni wenyewe bila kusubiri kuulizwa: aligonga saa ngapi, upande gani, alizimia muda gani, ametapika lini, amekunywa dawa gani. Watampa alama kati ya 3 na 15 kwa kuangalia macho, maneno na mwendo wa viungo, kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974. Ulizeni alama hiyo, iandikeni na saa yake, kisha ulizeni tena baadaye. Ikishuka hata kidogo, mwiteni daktari palepale.

Na kasike ifungwe mkanda chini ya kidevu. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Abiria naye ana fuvu: motari asiye na kasike ya pili, mwacheni apite, ngojeni mwingine.